Kashinje na Samli ya Bibi

Mwaka jana basi letu liliharibika Isaka, pale malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapopanga foleni, nikashuka kutafuta chai. Chini ya lori moja alikuwa amelala mbwa wa rangi ya udongo mwekundu. Nilimtupia jicho mara moja, kama unavyomtazama mbwa wa watu, halafu nikarudi kumtazama tena. Mgongoni, kuanzia mabegani hadi karibu na kiuno, alikuwa na mstari wa nywele zilizoelekea kichwani badala ya kwenda mkiani. Chai nikaisahau. Kaa kidogo, rafiki yangu, nikusimulie, maana mstari ule naujua kuliko mistari ya kiganja changu.

Nilikulia kwa bibi mzaa mama, kijijini upande wa Kahama, miaka ya tisini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Wakati huo kila mwanamume mwenye nguvu alikuwa na wazo la kwenda Geita kuchimba dhahabu, na mjomba naye akaenda. Tulimsubiri misimu miwili. Mimi nilisubiri baiskeli, bibi alisubiri mabati. Siku aliyorudi alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amebeba gunia, na gunia lilikuwa linatikisika. Alilifungua katikati ya uwanja, akatoka mtoto wa mbwa mwenye nyayo kubwa ajabu. Mzungu mmoja aliyekuwa akipima miamba kule alikuwa amefunga kambi yake na kuwagawia wachimbaji watoto wa mbwa wake.

"Ukoo wa huyu unawinda simba," mjomba alisema kwa majivuno.

"Na dhahabu?" bibi aliuliza.

"Mama, dhahabu ndiyo hiyo."

Kijiji kilicheka wiki nzima. Bibi hakucheka. Alimkamata yule mtoto wa mbwa, akampindua, akamkagua meno na masikio, na alipofika mgongoni akasimama. Akazisukuma zile nywele kwa kidole kuelekea mkiani. Zikarudi. Akazisukuma tena, zikarudi. Basi akajua la kusema.

"Huyu alitanguliza miguu kuzaliwa, ndiyo maana nywele zimegeuka. Mtoto wa hivyo ana jina lake, anaitwa Kashinje. Tutampaka samli, zitalala vizuri."

Bibi alitikisa maziwa kwenye kibuyu kila siku, akipiga magoti mlangoni, na ile sauti ya maziwa yakigonga kibuyu ndiyo iliyoniamsha miaka yote. Kuanzia siku ile, kabla sisi hatujaonja samli, Kashinje alipakwa mgongoni. Kazi nyingine zote zilikuwa zangu. Nilimtoa kupe mmoja mmoja, masikioni na katikati ya vidole, nikiwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Jumamosi nilimpeleka lamboni kuoga. Alikula ugali wa mtama uliolainishwa kwa maziwa mgando, na dagaa wakiwepo. Ila alichokipenda kuliko vyote ni michembe, vile viazi vitamu tulivyovikata vipande na kuvianika juani. Mchana kutwa ungemsikia bibi: "Kashinje! Toka kwenye michembe yangu, mwizi wewe!"

Tabia zake hazikufanana na za mbwa wetu. Mgeni akija hakumrukia wala hakumtikisia mkia, alimtazama tu kama karani anayesubiri barua ya utambulisho. Ukimpiga alinuna siku mbili, hata chakula hataki, mpaka umwombe radhi. Nami nilimwomba, nakiri. Jua la Septemba liliwalaza mbwa wengine wote kivulini, yeye akatembea na ng'ombe mpaka jioni. Na hakubweka. Mwaka mzima hatukuwahi kusikia sauti yake.

Sasa, tatizo letu lilikuwa jirani. Alikuwa mtu mzito, mwenye ng'ombe wengi na sauti nene, na mama yake alimzaa kwa miguu kutangulia. Umeshaelewa. Jina lake lilikuwa hilo hilo. Kila bibi alipomfukuza mbwa kwenye michembe, mzee wa watu alikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa, anasikia anaitwa mwizi.

Alikuja siku moja, kofia mkononi, amejizuia sana, akamwita bibi mama kwa Kisukuma. "Mayu, mbadilishie mnyama wako jina."

"Jina sikumpa mimi," bibi akamjibu. "Alikuja nalo."

Ugomvi ukaanzia hapo. Na bahati mbaya ile samli ikamsaidia jirani. Ilikuwa imeita nzi, nzi wakaleta kidonda, na mstari wa mgongoni ukaanza kunuka. Jirani akaenda kwa balozi wa nyumba kumi akasema mbwa yule ana kichaa: habweki, anatoa mate, mgongo umeoza. Mate alikuwa anatoa kweli, akiitazama michembe. Balozi akaamua kwamba siku ya josho, bwana mifugo akija na chanjo, amkague. Akikutwa mgonjwa, mgambo atampiga risasi hapo hapo.

Tulikuwa na siku tisa. Nilimwambia bibi samli basi, na mtoto wa miaka kumi kumwambia bibi yake hivyo halikuwa jambo dogo. Alininunia kuliko hata mbwa. Lakini asubuhi iliyofuata nilikuta ameniwekea maji ya moto yenye chumvi. Nikaosha kidonda asubuhi na jioni, nikakaa na Kashinje mchana nikifukuza nzi kwa tawi.

Siku ikafika. Ng'ombe walikuwa wanatumbukizwa joshoni, harufu ya dawa imejaa, na pembeni foleni ya watu na mbwa wao waliofungwa kamba, wakibweka kama wamelipwa. Kidonda cha Kashinje kilikuwa kimekauka lakini hakijapona. Bibi alikaa chini kwa sababu ya goti lake. Mimi nilishika kamba. Mgambo alikuwa ameegemea mti na bunduki yake.

Hapo dume jeusi la jirani likagoma kuingia. Likageuka mlangoni, likamwangusha mwenye mali kwenye tope, likapasua ua wa fito na kuja moja kwa moja kwenye foleni. Watu wakatawanyika. Mbwa wote waliokuwa hodari wa kelele walitangulia. Bibi alijaribu kuinuka, goti likakataa.

Kamba iliponyoka mkononi mwangu ikaniunguza kiganja. Kashinje alikuwa ameshasimama mbele ya bibi, uso kwa uso na lile dume. Hakuuma, hakukimbia. Pembe zikienda kushoto yuko kushoto, zikienda kulia yuko kulia, anaingia na kutoka, na zile nywele za mgongoni zimesimama wima zote. Dume likapiga kwato, likakoroma, lakini hatua moja mbele halikupata. Ndipo Kashinje akabweka, mara moja tu, sauti nzito ambayo hakuna aliyeitegemea. Dume likasimama kimya. Jirani akaja kutoka nyuma, tope mpaka kwenye kope, akalifunga kamba.

Wanawake walipiga vigelegele ambavyo nikivikumbuka hadi leo nywele zinanisimama. Jirani alimtazama mbwa, akamtazama bibi aliyekuwa bado chini. Akamshika mkono akamwinua.

"Mayu," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, "hilo jina usimnyang'anye. Huyu ni somo yangu."

Nililia, na sikujificha. Bwana mifugo alimdunga sindano huku anacheka, akatueleza kwamba mstari ule si ugonjwa, mbwa wa aina yake wanazaliwa nao. "Mwosheni, mtoeni kupe, mwacheni akimbie. Ila mafuta msimpake. Nywele hizi haziendi popote."

Nani alimsikiliza? Kijiji kilikuwa kimeona kwa macho yake: mbwa aliyepakwa samli amezuia dume. Kufikia Jumapili kila mbwa kijijini alikuwa anang'aa mgongo, nywele zimechanwa kwenda mbele, na nzi walifurahi msimu mzima. Wa kwanza kuja kwa bibi na kibakuli, kuomba samli ile ile, alikuwa jirani.

Bibi amelala kaburini siku nyingi sasa, na jirani pia. Mjomba alirudi Geita, tukapoteza habari zake. Josho limepasuka, limeota majani, na sauti ya kibuyu sijaisikia tena kwenye mlango wowote. Ndiyo maana pale Isaka nilichuchumaa kando ya lori kama mtu aliyepotelewa na kitu.

Mlinzi wa malori akaja. "Usiogope, dada. Hii ni mbegu ya kwetu Kahama vijijini. Wanaitwa makashinje." Akatoa kopo dogo mfukoni. "Siri yake ni samli. Unampaka hapa mgongoni kila asubuhi, haogopi kitu."

Nilitaka kumwambia alichosema bwana mifugo. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikamwomba lile kopo, nikachovya kidole.