Taa ya Kuonyesha Uso

Nguzo za geti zilinishughulisha kuliko nyumba yenyewe. Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne tu, ya mawe ya kuchongwa, pale pale Tetu kwenye shamba letu la majani chai. Lakini nguzo nilizitaka nene, zenye kofia ya saruji juu, na juu ya kila moja taa. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha. Stima ilikuwa imefika kituo cha maziwa, na waya ulikuwa umevutwa mpaka kwangu. Nilikuwa mwalimu mwenye gari kuukuu, na mwalimu akishapata gari huwa hana haya tena. Nilitaka wapita njia waone taa mbili jioni na waseme, huyu naye amefika.

Aliyenikatalia ni mama. Alikuwa bado anaishi kwenye nyumba yake ya mbao upande wa chini wa shamba, mabati yametoboka, kifua kikimbana kila ukungu wa Julai unaposhuka kutoka mlimani. Mwaka uliotangulia alikohoa mpaka tukamlaza hospitalini, na daktari aliniambia waziwazi kwamba hataimaliza baridi nyingine ndani ya nyumba ile. Ndiyo maana nilijenga mbio mbio, na chumba chake kikawa cha kwanza kupigwa plasta. Alikubali chumba. Alikubali na kitanda. Halafu akaona nyaya zimechomoza juu ya nguzo, akauliza ni za nini, nikamweleza. Aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akarudi kwake.

"Mimi sipiti katikati ya taa mbili," alisema nilipomfuata, akafunga mlango.

Niliudhika, lakini sikushangaa. Sababu niliijua, au nilidhani naijua. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, nikiwa na miaka mitano, tulihamishwa pamoja na ukoo mzima hadi kijiji kilichozungushiwa handaki, na mlango wake ulikuwa mmoja. Jioni moja wanaume waliokuwa wakirudi kutoka kazini walipitishwa hapo mmoja mmoja na homgadi, askari weusi wa serikali, kati ya karabai mbili zilizowekwa chini, wanawake wakiwa wamepangwa mstari kando. Nyuma ya karabai alikaa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu wetu walimwita gakunia, yaani kigunia, jina ambalo ungedhani ni la kumbembelezea mtoto. Gakunia hakusema neno. Akiinamisha kichwa, wewe unahesabiwa mpiganaji wa msituni, unavutwa kando na kupandishwa lori. Aliinamisha kichwa baba alipopita, na lori lile halikumrudisha.

Hakuna aliyejua ndani ya gunia alikuwa nani. Uhuru ulikuja, watu wakarudi mashambani kwao, na bila shaka mtu yule naye akarudi kwake, akanywa chai na sisi, akazika na sisi. Nilikua nikitazama shingo za wazee kanisani. Kila mmoja wao alipoinama kusali, nilijiuliza kama ni shingo hiyo iliyoinama siku ile. Nilimchukia mtu huyo kwa bidii, kama mtu anavyolima shamba lake. Mama nilimuuliza mara nyingi aliona nini jioni hiyo, na kila mara alinijibu neno moja, "Nilikuwepo," akaendelea na kazi yake.

Basi nikamwambia tutaenda kuchagua taa pamoja, na akizikataa zote sitaweka hata moja. Nilisema hivyo nikiwa na hakika kwamba akiziona zilivyo nzuri atalegea. Jumamosi tukashuka Nyeri mjini.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitupangia taa juu ya kaunta: nyeusi za chuma zenye vioo vinne, za shaba zenye vioo vya rangi ya chai, na nyingine zilizochongoka juu kama mnara wa kanisa. Mimi nilikuwa nimeshazipenda zile nyeusi, na tayari nilikuwa naziona kwenye nguzo zangu. Mama hakuzitazama hata kidogo. Alitaka ziwashwe.

"Funga mrango, bwana," alimwambia mzee kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii mwangaza ya nje inadanganya."

Mzee alinitazama, nikainua mabega. Akashusha mlango wa mabati, duka likawa giza saa sita mchana.

Mama aliomba taa mbili ziwekwe sakafuni, moja huku na moja kule. Akazunguka nyuma ya taa, akakaa kwenye sanduku la mbao, akaivuta leso yake mpaka yakabaki macho tu. "Pita," aliniambia. Nikapita katikati. "Sijaona uso. Rudi." Mzee akabadilisha taa, nikapita tena. "Rudi." Sauti iliyotoka chini ya leso ilikuwa nzito, ya mtu asiyetaka kutambuliwa, na kila nilipogeuka nilimkuta amekaa vile vile, mikono magotini, hapepesi macho. Niliona haya kumwogopa mama yangu mzazi ndani ya duka la balbu, lakini nilimwogopa.

"Mama, hii taa ni ya kuonyesha gari njia," mzee alimwambia polepole.

"Mimi nataka ya kuonyesha mtu uso. Hii inaonyesha miguu tu."

Mwishowe mzee alipanda ngazi, akatundika taa mbili juu ya rafu, juu kuliko kimo cha mtu. Zilikuwa za kioo cheupe kizito, na kila moja ilikuwa na kifuniko kipana cha bati. Mwanga wake haukuchoma macho, ulishuka taratibu. Nikapita. Mama aliishusha leso kutoka usoni.

"Sasa ni wewe," alisema. "Chukua hizo."

Zilikuwa mbaya kupita taa zote dukani, mithili ya mikebe ya maziwa. Nilizichukua bila kubisha, maana nilitaka mlango wa bati ufunguliwe.

Fundi alizifunga Alhamisi, juu ya vyuma vilivyozipandisha zaidi. Saa moja jioni aliziwasha, akaingia ndani kuangalia fyuzi, nami nikaenda kumleta mama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani chai. Alifika barabarani mbele ya geti akasimama, akazitazama taa kwa muda, kisha akaanza kuongea kwa Kikuyu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza habari za ng'ombe.

"Ukiwa nyuma ya karabai huoni uso wa mtu. Karabai inakupiga machoni. Kutoka magotini kwenda juu ni giza tupu."

"Mama," nilisema, "wewe ulikuwa kwenye mstari wa wanawake."

"Sikukuambia hivyo. Nilikuambia nilikuwepo."

Nilisikia fundi akigongagonga kitu ndani ya nyumba. Mama hakungoja niulize.

"Walikuwa wamekuchukua tangu asubuhi. Ulikuwa kwa homgadi, wamekupa sukari. Waliniambia niinamishe kichwa mara tatu, ndipo nirudishiwe mtoto."

Sukari ile naikumbuka. Niliilamba kwenye kiganja cha mtu, na mpaka jioni hiyo ilikuwa moja ya kumbukumbu tamu za utoto wangu.

"Miguu ya watu wetu niliijua yote," aliendelea. "Wote walitembea peku. Nikasema moyoni, nitangoja viatu. Mwenye viatu ni mgeni, si wa kwetu. Vikapita viatu vya wageni wawili, nikainamisha. Halafu zikaja buti." Alivuta leso mabegani. "Mzungu aliyemwajiri baba yako alikuwa amempa siku hiyo hiyo. Buti kuukuu za kukamulia ng'ombe. Alikuwa anakuja kunionyesha."

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nikimtafuta mtu mmoja nimchukie uso kwa uso, na sasa alikuwa amesimama mbele yangu, ana kikohozi, amevaa sweta niliyomnunulia mimi. Hasira ilinipanda. Ikakosa pa kwenda. Nilimwonea huruma na nilitamani asiwe ameniambia, vyote kwa pamoja.

Akapiga hatua mbili, akasimama kati ya nguzo, mwanga ukamshukia kichwani.

"Bado unataka nihamie kwako?" aliniuliza.

Nilimjibu, ndiyo, mama. Lakini kabla ya kujibu nilinyamaza, si sana, labda muda wa kuvuta pumzi mara mbili, na taa zile zilikuwa nzuri kama alivyozitaka. Aliniona uso wote.