Nakala ya Jana

Juzi nilikuwa kaunta ya ofisi moja ya ramani hapa Kigoma, nikisubiri kugongewa muhuri, nikamwona mkuu wa ofisi akimwaga chai yake juu ya ramani ya kijiji kipya cha ujamaa kule Ilagala. Wino wote ulitawanyika. Kesho yake wanakijiji walikuwa waonyeshwe viwanja vyao.

"Leta nakala!" alimfokea mama mchoraji, kana kwamba nakala hujizaa zenyewe kabatini.

Mama akatoa karatasi nyembamba. Kila jioni kabla ya kufunga ofisi hunakili kazi ya siku nzima, ingawa mkuu humcheka kwamba anachezea karatasi za umma.

Mkuu akaikagua, akakunja uso. "Kisima kiko wapi? Na zahanati?"

"Umeniagiza nivichore leo asubuhi, Ndugu. Nakala hii inajua ya jana tu."

"Basi haina maana!"

"Viwanja vyote vimo, Ndugu. Kilichopotea ni kazi ya asubuhi moja."

Akainama, akachora upya palipopungua. Wageni kutoka wilayani walipoingia mchana, muhuri wangu ukiwa bado haujagongwa, mkuu aliwatandazia ramani, akatanua kifua. "Ofisini kwangu kila kazi lazima inakiliwe," alisema. "Nimewazoesha hivyo."

Wakampigia makofi. Mimi ya kwangu niliyatia mfukoni. Mama hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameshachukua karatasi nyingine nyembamba, ananakili kisima.