Namba Niliyomficha Mama Ngoie

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa kipande cha kioo mkononi, nikaambiwa nisikipumulie. Nilikuwa nimetoka mtaani kwetu Kapata kwa miguu tangu alfajiri, viatu vimenibana, na mtu wa kwanza kunikaribisha laboratwari, yaani maabara, alikuwa Mkuu wa Chumba cha Hadubini. Jina langu hakuliuliza. Alisema tu, "Mama, ile kioo iko na ngozi. Ukiigusa na kidole, unaua kazi ya miezi." Ngozi aliyoisema ni utando mnene wa dawa ya picha, kama ule wa filamu za zamani, uliopakwa juu ya kioo. Nikakishika kwa kingo mpaka vidole vikafa ganzi, naye akaenda zake kunywa chai.

Ninyi vijana mnaochimba kobalti hapa Kolwezi mnaniuliza kila mara, "Mama Numbi, mulikuwa munapima majibwe?" Hapana, jamani, hatukupima mawe. Nimechoka kueleza, lakini naeleza tena. Huko ng'ambo kuna mtambo mkubwa unaozikimbiza protoni, yaani chembe ndogo zilizo ndani ya kila atomu, kwa mwendo ambao akili haiushiki. Walizipitisha kwenye vioo vyetu. Nyingi zilipita bila neno. Moja moja iligonga kiini cha atomu kilichokuwa ndani ya ule utando, na palepale, kwa nguvu ya mgongano, zikazaliwa chembe mpya ambazo hazikuwapo kabla. Kila chembe inapopita huacha mstari wa vidoti. Ukishaosha kioo kwa dawa, ukakiweka chini ya hadubini, unaona kituo kimoja na mistari inayotawanyika kutoka hapo. Sisi hiyo tuliiita nyota.

Mistari myembamba ilikuwa ya chembe mpya zenye mbio. Mistari minene na mifupi, myeusi tititi, ilikuwa vipande vya kiini kilichovunjika. Kazi yetu ilikuwa kuitafuta nyota, kuhesabu mistari myembamba, na kupima pembe ya kila mmoja. Wakubwa walitaka kujua mgongano wa nguvu fulani huzalisha chembe ngapi kwa wastani. Ni hilo tu. Maisha yangu ya kazi yameishia kwenye kuhesabu watoto wasiokula wala kulia.

Kulikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona ya ajabu. Kila kioo kilisomwa na watu wawili, na wawili hao walikatazwa kuambiana walichoona. Tulikaa tumepeana migongo. Ukimaliza, hesabu yako unampa mkuu, naye hafungui mdomo. Mkuu wa kwanza alitueleza sababu kwa ukali: jicho lina tabia ya kutafuta kile ambacho sikio limeshasikia. Ukisikia mwenzako kapata mistari mingi, na wewe utaiona mingi, hata kama ni uchafu wa kioo. Kwa hiyo namba ilikuwa siri kuliko mambo ya nyumba ya mtu.

Mwenzangu wa mgongo kwa mgongo alikuwa Mama Ngoie, mtu wa Lubudi aliyeolewa Kapata, mistari miwili ya nyumba kutoka kwangu. Alikuwa mpole kazini na mchokozi njiani. Aliniita "Mama Makelele" kwa sababu ya mdomo wangu, na hakukosea, kwa maana mdomo wangu haukuwahi kuwa na kifuniko. Saa sita tulikula pamoja bukari, ugali wetu, na samaki mkavu, tukasengenya wakubwa, tukacheka hadi machozi. Tulisema yote isipokuwa vioo.

Mkuu wa kwanza alihamishwa Lubumbashi. Wa pili alipenda mikutano kuliko vioo, akatuacha tukiwa hatujamzoea. Wa tatu ndiye tuliyemwita Tata Shefu, yaani Baba Mkuu, mtu mrefu, mwenye kukohoa kabla ya kusema, na yeye ndiye mwenye kisa hiki pamoja na Mama Ngoie.

Wakati wake vilikuja vioo vilivyokwisha kupigwa na mtambo lakini havijaoshwa. Dawa ya kuviosha ilikuwa imekwama njiani. Kioo kisichooshwa kinaendelea kuandika, kwa maana hata kutoka mbinguni kuna miale inayoshuka mchana na usiku, na kila unaopita unaongeza mistari. Wenzetu wa ng'ambo hufukia vioo chini ya matofali ya risasi, ile metali nzito. Tata Shefu akakohoa, akasema, "Shiye tuko na mashimo. Nani iko na mashimo kupita shiye?" Lo, tulimpigia makofi! Akaomba njia ya zamani ya mgodi iliyoachwa, tukapeleka masanduku ndani kabisa, chini ya mwamba ambao hakuna mwale wa mbinguni ungeweza kuupenya. Mimi mwenyewe nilibeba.

Kosa lile lingefanywa na watu wa huku tu. Tulikimbia miale ya juu, tukasahau kwamba mwamba wa Katanga una miale yake. Ndani ya mawe yetu ya shaba mna madini yanayotupa chembe zake yenyewe, na hewa inayovuja humo inaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Dawa ilipofika tukaosha, nikaweka jicho kwenye hadubini, nikaona masizi. Nyota za mtambo zilikuwapo, lakini zimezungukwa na vijistari vya mwamba kila upande. Tulisoma hivyohivyo, tukatuma hesabu, na hesabu yetu ikawa kubwa kuliko ya laboratwari nyingine zote.

Ndipo akaja Profesa mgeni, msimamizi wa jaribio zima. Tata Shefu alikuwa ametuambia wazi kwamba hesabu yetu ikikataliwa, vioo vingine haviji, na vioo visipokuja mlango unafungwa. Alikuwa ameipigania laboratwari ile mpaka mvi zikamtoka. Siku hiyo Mama Ngoie hakuwapo. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki Lubudi, naye alikwenda kuzika.

Mgeni alikagua kutwa nzima, pole pole, bila dharau. Mwishowe akainuka, akajifuta macho, akatutazama mimi na wasomaji wengine kwa huruma. Tata Shefu ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Mgeni akasema kwamba tumejitahidi, lakini wenzetu wote wamepata kiasi fulani, na akaitaja namba. Aliitaja kwa Kifaransa, na namba za Kifaransa kila mtu chumbani alizijua. Tata Shefu aliinua mkono kumzuia, akachelewa.

"Profesa," alisema kwa Kiswahili chetu, kisha akarudia kwa Kifaransa, "umeisha kuua macho ya bantu bangu."

Mgeni akawa mwekundu. Alielewa haraka kuliko sisi. Kuanzia dakika ile, yeyote aliyeisikia namba ile hawezi tena kuhesabu. Akikosa kuipata, hesabu imekataliwa. Akiipata, watasema aliitafuta. Miaka yote ile ya kukodoa macho, na neno moja la mtu mwema limeimaliza.

"Kuna msomaji ambaye hakusikia?" mgeni akauliza.

Tata Shefu akanitazama, na wote tukamfikiria mtu mmoja.

Alipoondoka mgeni, Tata Shefu aliniita ofisini, akafunga mlango. "Mama Ngoie atasoma bioo byote tena, peke yake, kila kimoja mara mbili. Nitamupa sheria mupya: mustari wenye kuanzia mu masizi, aache. Asijue kitu ingine. Asijue kama tulikuwa juu ao chini. Akijua tu kama tulizidisha, jicho yake itaanza kupunguza."

"Na akiniuliza mgeni alisema nini?"

"Njo maana ninakuita, Mama Numbi. We ni rafiki yake, na kinywa yako tunaijua."

Sikukasirika. Alisema kweli. Wengine alikuwa amekwisha kuwaonya, nami nikamwahidi kunyamaza.

Mama Ngoie akarudi Kapata. Wanawake wakatandika mikeka nyumbani kwake, wakakaa naye kilio jinsi tunavyofanya. Nilimtuma binti yangu na unga na makaa. Mimi sikwenda. Nilijijua: angenishika mkono, angeuliza habari za kazini ili apumzishe kichwa, nami ama ningetoboa, ama uso wangu ungetoboa kwa niaba yangu. Namba ilikuwa imekaa ulimini kama mwiba wa samaki. Nikajifungia ndani, nikasikia nyimbo za kilio kutoka nyumbani kwake, nikalia jikoni kwangu.

Aliporudi kazini alinijia asubuhi, kitambaa cheusi kichwani. "Mama Numbi, uko na nini na mi?"

"Kazi iko mingi," nikamjibu, nikageukia hadubini iliyokuwa haina kioo.

Aliitazama hadubini ile tupu. Kisha akaenda kwenye meza yake, na hakuniuliza tena. Ikawa miezi. Nilihamishiwa chumba cha dawa, nikiosha chupa na kupangusa lenzi, kwa maana macho yangu hayakuwa na kazi tena. Saa sita alikula peke yake uani, nami ndani. Umeme ulikatika kila mara, naye angengoja gizani mikono mapajani, ukirudi anaendelea. Macho yalimtoka maji. Tata Shefu alimchanganyia vioo ili asikumbuke alichokwisha kusoma. Sijawahi kuona mtu akichoka vile bila kulalamika, na mimi ningeweza kumpunguzia mzigo kwa neno moja tu, kisha kazi yote ingekwenda na maji. Niliosha chupa.

Alipomaliza, Tata Shefu alijumlisha peke yake. Alitoka ofisini hakohoi. Alinipa mkono, nikajua hesabu yake imelingana na ile namba ya mgeni. Lakini mgeni alikuwa ameomba siri iendelee mpaka jaribio zima litakapochapishwa, kwa kuwa yule msomaji angeweza kuitwa tena. Mama Ngoie yeye hakungoja. Aliomba kustaafu, akarudi Lubudi kulima. Siku ya kuaga aliwakumbatia wote. Kwangu alisema, "Bakia muzuri," akapita.

Baada ya hapo ninyi mnajua zaidi yangu. Mitambo ya umeme ilichukua nafasi ya jicho. Sasa mashine inahesabu yenyewe kabla hujapepesa. Vioo vikaacha kuja, laboratwari ikafungwa taratibu, bila ugomvi, nami nikastaafu pamoja na hadubini zangu. Sina kinyongo na mashine. Haina rafiki, kwa hiyo haina wa kumficha. Mimi shingo inauma, macho yanaona vumbi hata pasipo na vumbi, na nikilala bado nahesabu. Mtu akiniuliza kama kazi ile ilikuwa nzuri, namwambia ilikuwa ya kweli. Nzuri sijui.

Siku moja Tata Shefu, mzee sasa kuliko mimi, akanipigia simu. "Ilitoka," alisema. Ripoti ya jaribio zima ilikuwa imechapishwa; hesabu ya Kolwezi imo ndani, na imeingia kwa macho ya msomaji mmoja. Zangu zote za vioo vile zilitupwa. Nilikaa kitandani nikaona uchungu na furaha vinanijia pamoja, sikujua nianze na kipi. Kesho yake nikapanda lori la Lubudi.

Nilimkuta Mama Ngoie uani kwake, ameketi kwenye mkeka, anabambua karanga. Amekonda. Aliniitikia salamu, akanionyesha kigoda. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: mgodi, masizi, mgeni, namba, amri ya Tata Shefu. Nikamtajia na namba yenyewe. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea na karanga.

"Basi, yangu iliingia?"

"Iliingia. Yako tu. Yangu walitupa."

"Eh! Yako banatupa?" Alicheka kidogo, kicheko kilekile cha njiani. Kisha kikaisha. "Mi nilizani kama ulisikia neno mubaya juu yangu. Nililala nikitafuta: nilimufanya nini Mama Numbi?"

"Ningekuja kwenye kilio ungeniuliza ya kazi, nami ningesema. Unaujua mdomo wangu."

"Pa kilio nani anaulizaka mambo ya kazi?" Aliacha karanga, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Pa kilio bantu banaikalaka tu, Mama Numbi. Ungelikuya, ukaikala. Njo ile tu nilikuwa ninataka."

Kwa miezi ile yote nilikuwa nimepima kila neno ambalo lingeweza kunitoka. Kwenda tu, nikae, nisiseme lolote, hilo halikunijia kabisa. Machozi yakanitoka pale pale, nikayaacha.

Nikatoka kwenye kigoda, nikaketi mkekani ubavuni mwake. Tulikaa. Baada ya muda mrefu nikamuuliza, "Kaka yako aliumwa nini?"

Akasogeza beseni la karanga likawa katikati yetu, akaanza kunieleza.