Vua, Dada Somoe

Nicheke, lakini usimwambie mtu. Wakati wa vita vya ukombozi nilikuwa muuguzi wa wapiganaji, kwenye kibanda mikokoni karibu na Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Siku hiyo mwanga ulicheza majini, nami nikaelea nao kama niko usingizini.

Somoe, mlinzi wa pwani kutoka kambi jirani, akaja nimpime upana wa kuona.

"Vua, dada, karibu," nilisema bila kugeuka.

Nikakagua mboni zake, kisha nikasogeza ushanga mweupe polepole kutoka pembeni hadi katikati.

"Sioni."

Masikini! Nikamwandikia kamanda wake kwamba Somoe asilinde tena.

Kamanda akaja kibandani papo hapo, akashangaa. "Huyu? Jana ndiye aliyeiona manowari kabla yetu sote!"

Somoe akafungua pindo la kanga, akatoa miwani. "Si uliniambia nivue?"

Nikatazama chini. Makubazi yake, matope tele, yalikuwa bado miguuni, juu ya mkeka wangu.