Maman Béa aliponiambia ana "macho ya mbali", nikamchagulia kamera isiyo yake

Wiiiiiiiiiiii.

Huo mlio ninao masikioni mpaka leo, wakuu. Ni kamera ya mkanda ikijirudisha yenyewe picha zikiisha. Sasa fikiria inalia katikati ya ubatizo, kanisa zima kimya, padri kainua mkono wenye maji, halafu wiiiiiii, kama nyuki kaingia kwenye kopo.

Watu wote shingo nyuma. Mwenye kamera, Maman Béa, katulia anatabasamu kama vile ni kinanda kimepigwa.

Habari zenu wakuu. Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, ila uzi wa juzi umenitoa mafichoni. Jamaa kauliza anunue kamera gani ndogo ya zoom, mkamjaza megapixel mpaka akakimbia. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza macho yake yakoje!

Basi kaeni niwasimulie. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Brussels, miaka ile picha za simu zilikuwa kama zimepigwa kupitia mfuko wa nailoni. Chumvi sijaongeza, labda kidogo kwenye vicheko.

Mimi nimetoka Morogoro. Nililetwa na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, nimsaidie watoto wake. Shule yangu iliishia kidato cha nne na cheti chenyewe tusikiongelee. Ila ndoto ninazo, tena kubwa kubwa. Nataka siku moja niwe na studio ya picha nyumbani, yenye pazia la buluu na kiti cha mfalme.

Tulikuwa tunakaa Ganshoren, mtaa mtulivu mpaka ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Ghorofa ya chini yetu ndiko alikokaa Maman Béa, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi.

Huyu mama ndiye alikuwa mpiga picha wa Wakongo wote niliowajua. Harusi, ubatizo, mtoto kamaliza shule, utamkuta na kamera yake shingoni. Halipwi, analishwa. Na anapenda, wakuu. Anapenda kuliko chakula chenyewe, na chakula nacho anakipenda sana.

Shida ikaja polepole. Picha zikaanza kutoka watu hawana vichwa. Za ule ubatizo zilipotoka, mama wa mtoto alizipekua zote, akauliza kwa upole, "Maman Béa, mutoto iko wapi?" Kumbe kapigwa padri, kapigwa mshumaa, mtoto kaonekana soksi tu.

Watu walicheka na yeye akacheka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu yake, nikaona anavyoikunjakunja ile kamba ya kamera kidoleni.

Halafu binti yake wa mwisho, Clarisse, akapata mchumba.

Clarisse ni mtu wa moja kwa moja. Alimwambia mama yake mbele yangu, tukiwa tunamenya ndizi: "Maman, ku mariage tutakamata photographe. Weye utaikala tu, utakuwa mama ya bibi harusi."

Maman Béa akasema, "Miye nilipiga foto ya mariage ya bantu yote. Ya mutoto wangu njo nitaikala?"

"Maman, sitaki kuolewa bila kichwa."

Nilicheka mpaka kisu kikanidondoka, kisha nikajuta maana mama hakucheka. Clarisse naye akaona, akalegea. Akatoa masharti. Kabla ya harusi kuna siku ya dot, ndiyo mahari kwao, familia mbili zinakutana. Akasema, "Bon. Piga ya dot. Kama niko na kichwa, mariage ni yako."

Kwa hiyo mmeelewa kilichokuwa mezani. Mama apige harusi ya mwanaye, au akae na mikono mapajani amwangalie mtu baki akipiga.

Mkanda ukawa basi, tukakubaliana inunuliwe digital ndogo yenye zoom. Nani achague? Mtaalamu wenu hapa. Nilikuwa nimesoma majarida mawili ya kamera kwenye treni, kwa hiyo nilijiona profesa.

Kama mtaalamu, nikaanza na swali la kitaalamu. "Maman, macho yako yana shida gani hasa?"

Akajibu, "Miye niko na macho ya mbali."

Nikatikisa kichwa kwa busara. Nimeelewa!

Wakuu, wa nyumbani mtanielewa. Sisi mtu akisema ana miwani ya mbali, maana yake mbali haoni. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa nayo, akiivua wa nyuma tulikuwa tunakula mihogo darasani kwa amani. Kwa hiyo "macho ya mbali" kwangu ilikuwa ni ugonjwa wa mbali. Dawa ya mbali ni nini? Zoom!

Tukaenda duka la vitu vilivyotumika kule Molenbeek, karibu na mfereji. Mwenye duka ni mzee wa Kimorocco, mpole, anakunywa chai saa zote. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuungaunga kwamba madame anataka zoom kubwa, kubwa sana. Akatoa kidude kizuri, chembamba, cha fedha. Lenzi ikitoka inatoka mpaka unaiogopa.

Tundu la kuchungulia hakina. Unaangalia skrini nyuma, na skrini yenyewe kama stempu. Mimi nikasema haina neno, tatizo la mama ni mbali, skrini ipo karibu. Hesabu imekubali.

Nyumbani, majaribio. Mama akavuta zoom dirishani, akalenga kwa macho juu ya kamera bila kuangalia skrini, akapiga njiwa aliyekaa paa la ng'ambo. Tukaikuza kwenye kompyuta ya dada. Njiwa unamhesabu manyoya! Nikajipigia makofi.

Halafu akageuka anipige mimi.

Kamera akaiweka usoni. Akaisogeza. Akaisogeza tena. Mikono ikanyooka yote, akarudisha na kichwa nyuma, kama mtu anayemshika paka mwenye hasira. Mikono ikatetemeka. Tit-tit. Picha ikatoka nina macho manne na ukungu.

"Iko na alama ya fleur hapa, nimeiweka sasa hivi," akasema kwa furaha. "Mariage iko na maua mingi."

Wakuu, alama ya ua kwenye kamera ni ya kupiga vitu vya karibu kabisa, mdudu, pete. Ukiiacha hapo halafu umpige mtu aliye mbali na wewe, anatoka kama mzimu. Alikuwa anaona ua tu, hivyo vialama vingine kwake vilikuwa mchanga.

Nikawa sielewi. Mtu asiyeona mbali, sasa mbona njiwa kampata na mimi kanikosa?

Jibu nililipata kituo cha basi. Tumesimama tunaelekea Gare du Nord, mimi nakaza macho barabarani sioni kitu zaidi ya doa la njano. Mama akasema, "Beba mufuko, quatorze inakuja."

Nikamgeukia. Basi namba kumi na nne lilikuwa bado kule mwisho wa barabara, wakuu, hata abiria wenyewe waliokuwa ndani sidhani kama walijua wamepanda namba ngapi.

"Maman, si ulisema una macho ya mbali?"

"Njo ya mbali! Inaona mbali. Karibu njo haione. Hata sindano inanishinda." Akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele. "Weye Tanzanie, unasikiaka Swahili gani?"

Tulicheka ndani ya basi mpaka mzee mmoja wa Kizungu akahama kiti. Mama akawa anarudia, "Swahili ya kitabu, banasema muzuri, mais kusikia, zéro!" Kwake "macho ya mbali" ni yale yanayoona mbali. Kwangu ni yale yasiyoona mbali. Lugha moja, tumeelewana kila neno, na tumenunua kamera ya mtu mwingine kabisa.

Tukarudi kwa mzee wa Molenbeek. Safari hii nikanyamaza, mama akajieleza mwenyewe. Mzee akacheka, naye akavua miwani yake ya kusomea akaionyesha: wale wale. Akakubali tubadilishe, akapanga kamera kama tano kwenye meza.

Hapa ndipo nilipojifunza. Aliyoyafanya mama ndiyo mnayotakiwa mfanye, hata ukacheka.

Alizishika moja moja bila kuniuliza mimi. Ile ambayo lazima anyooshe mkono ndiyo asome skrini, akairudisha. Mkono ulionyooka unatetemeka, na zoom inauzidisha huo mtetemo. Akatoka nje na moja, jua likawaka kwenye skrini, akairudisha. Nyingine ina vitufe vidogo kama punje za ufuta, akairudisha bila hata kuiwasha.

Ya mwisho ilikuwa nene kidogo, ya sura mbaya, imechubuka kona. Mimi nisingeigusa. Ila juu ilikuwa na tundu la kuchungulia, na pembeni ya tundu kuna kigurudumu kidogo kama ukucha wa mtoto.

Mzee akamwambia aweke jicho, azungushe taratibu.

Mama akazungusha. Akanyamaza. Maman Béa kunyamaza, wakuu, ni tukio.

Halafu akasema polepole, "Eh. Kuko buibui ku kona ya dirisha."

Kumbe kile kigurudumu kinalirekebisha tundu lifuate jicho lako, kama miwani iliyofichwa mle ndani. Na lile tundu linaonyesha pungufu kidogo ya picha itakayotoka, kwa hiyo hata ukikosea kidogo, kichwa cha mtu kinabaki. Ili mradi usimsogelee sana, ukimsogelea sana tundu na lenzi havioni kitu kimoja.

Siku ya dot sebule ilijaa, na ngazi zikajaa. Mama kavaa kitenge cha njano, kamera shingoni, na ile alama ya ua nimeikagua mara mbili. Mambo yanaenda vizuri, anapiga, anacheka, anapiga.

Kuna desturi moja kwao. Wakwe wakishaweka vitu vyao mbele, wazazi hawavigusi. Kwanza binti anaitwa, anaulizwa mbele ya wote kama vipokelewe. Akikataa, watu wanabeba vitu vyao wanarudi. Hiyo ndiyo picha yenyewe. Inatokea mara moja, harudii mtu.

Wakati tunamsubiri Clarisse avae, Tonton Willy, kaka yake mama, akaomba kamera "aangalie kidogo". Tonton anavaa miwani, ile minene kama kitako cha glasi. Akaivua, akaangalia kidogo.

Clarisse akaingia. Baba yake akasimama.

Mama akaweka jicho, na nikamwona anashtuka. Akatoa kamera, akaitazama, akarudisha jicho. Akaninong'oneza, "Tanzanie, mvuke. Yote ni mvuke."

Mimi mtaalamu nikaganda. Nilidhani imeharibika. Nilidhani ni ua. Nikanyoosha mkono niichukue nipige mimi, maana baba alikuwa ameshaanza: "Clarisse, mwanangu, hivi bintu tupokee?"

Mama akanipiga kofi mkononi. Akabaki na jicho palepale, kidole chake kikapanda juu, kikakitafuta kigurudumu kwa kupapasa, kikazungusha, kikarudi nyuma kidogo. Tonton alikuwa amekiweka kwenye macho yake mwenyewe!

"Papa, pokea."

Tit-tit.

Vigelegele vikapasuka. Sijui hata vilianzia wapi.

Baadaye Clarisse akaja na kitambaa chake cha kichwani kimeshaenda upande, akataka kuona. Tulimtolea kwenye kompyuta. Yupo katikati, mdomo wazi kwenye neno "pokea", na baba yake pembeni anafunika jicho moja kwa kidole gumba ili watu wasione chozi. Kichwa chake kipo. Cha baba kipo. Hata cha Tonton Willy kipo nyuma, kinatafuna.

Clarisse akainamia skrini.

"Maman."

"Nini? Kichwa iko?"

"Iko." Akajifuta pua. "Bon. Mariage ni yako. Mais iyo tit-tit uizime."

Nisiwachoshe wakuu. Somo langu ni dogo. Kamera ndogo ya zoom usichaguliwe na mtu, hata anayekupenda, hata aliyesoma majarida mawili. Nenda na macho yako na miwani yako. Iweke usoni dukani. Kama karibu huoni, tafuta tundu lenye kigurudumu, au skrini kubwa unayoisoma bila kunyoosha mkono. Kama mbali huoni kama mimi (ndiyo, nilipimwa baada ya lile basi), skrini itakufaa tu. Na ukimuuliza mtu habari za macho, muulize mara ya pili kwa maneno mengine, hasa kama ametoka Lubumbashi.

Haya, tiririkeni. Kwenu "macho ya mbali" ni yapi, yanayoona au yasiyoona? Na wenye wazazi waliokatwa vichwa kwenye picha mje tufarijiane.

Asubuhi ya harusi yenyewe walinituma kwa Maman Béa kuchukua kamera. Nyumba ilikuwa tupu, wote wameshateremka kwenye magari, wanapiga honi. Nikaichukua mezani, nikachungulia kidogo tu dirishani. Ukungu mtupu, miti kama pamba. Kidole changu kikapanda chenyewe kwenye kigurudumu.

Nikakishusha; yale yalikuwa macho ya mama, si yangu. Nikafungua droo ya karatasi za zawadi, nikakata kipande cha selotepu kwa meno, nikakibandika juu ya kile kigurudumu, nikakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikashika.