Ndizi za Mzazi na Mchi wa Sabaha

Nyumba ile ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, lakini kelele zake zingetosha vyumba kumi na viwili. Chumba cha mbele alikaa Agnesi, mjane wa Kichaga kutoka Kilema, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vitalis kwa jina la mwanawe wa pekee. Ng'ambo ya korido, mlango ukitazamana na wake, alikaa Sabaha, mtu wa Kilwa, na mumewe Bakili, fundi wa masanduku ya bati. Bakili akianza kugonga bati asubuhi, mpaka vikombe kabatini vilimwitikia. Sabaha naye alitwanga mchele wa vitumbua kabla jogoo hajajua kama kumekucha. Asipotwanga alisema, na akisema, hata waliokuwa wakipita Mnazi Mmoja walijua leo kwake kuna mboga gani.

Agnesi alikuwa mtu wa kimya. Kila alfajiri alishika rozari yake, na kila alfajiri mchi ulimfuata humo humo. "Salamu Maria," tu! "Umejaa neema," tu! Siku moja akagundua kwamba yeye ndiye anayeufuata mchi, kama wanakwaya wanavyofuata ngoma. Akaona aibu, akaenda kuungama. Padre alicheka, akamwambia aendelee hivyo hivyo, mradi asiruke sala.

"Dada Sabaha," alijaribu siku nyingine, kwa upole wake wote, "huo mchi wako hauchoki?"

"Mchi hauchoki, Mama Vitalis. Anachoka mwenye kuusikiliza!"

Basi Agnesi akaendelea na maisha.

Ikawa Angelina, mke wa Vitalis, ana mimba ya kwanza, nao waliishi wote kwa Agnesi. Kwa Wachaga mzazi ni mgeni wa mama mkwe. Miezi mitatu hashiki ufagio wala ndoo. Analala, ananyonyesha na kula mtori, yaani ndizi mbichi zilizochemshwa na mifupa yenye nyama, zikapondwa mpaka zikawa laini. Mzazi akitoka ndani hajanenepa, aibu si yake, ni ya mama mkwe. Na Theopista, mama yake Angelina, alikuwa ametuma neno kutoka Kilimanjaro, neno lisilohitaji mkalimani: "Nitakuja kumwona mzazi. Nikikuta halelewi, nitarudi naye nyumbani, yeye na mtoto."

Neno hilo lilimkaa Agnesi kooni kama mwiba wa samaki. Tangu azikwe mumewe, mzee Tarsis, alikuwa akimwomba Mungu mjukuu mmoja tu wa kumpakata. Leo anakaribia kumpata, na tayari kuna mtu anakunja kanga ya kumbebea ampandishe mlimani!

Ndizi sasa. Ilikuwa miaka ile mafuta ya gari yakitafutwa kama dawa, na malori ya ndizi yalikuja sokoni yakijisikia. Ukizunguka soko zima la Kariakoo ulikuta muhogo, na baada ya muhogo, muhogo. Agnesi hakungoja. Alipanda basi mwenyewe hadi kwao Kilema, akakata mkungu wa mshare, ndizi za kupikia mtori, nyuma ya nyumba ya kaka yake, akageuza.

Safari ile ya kurudi aliisimulia miaka mingi. Kondakta alitaka mkungu ukae juu ya basi, kwenye jua. Agnesi akakataa, akaupakata. Walipofika Hedaru dizeli ikaisha. Dereva akadandia lori la mkonge akatafute, abiria wakashuka wakajinyoosha, wengine wakanunua mayai ya kuchemsha. Agnesi hakushuka. Alibaki na mkungu mapajani, ameufunika kwa kanga, anaupepea.

"Mama," akauliza mzee mmoja wa Kipare dirishani, "mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Anapata nafuu, baba."

"Mbona hanywi maji?"

Basi zima likacheka, na yeye akacheka. Wapare ni watani, huwezi kuwashinda.

Alipofika Dar, hakupata hata nafasi ya kuvua viatu: Angelina alikwishapelekwa hospitali. Agnesi akautua mkungu uani, akamwita jirani.

"Dada Sabaha, nakuachia ndizi. Ni za mzazi. Zitunze kama macho yako."

"Nenda salama, Mama Vitalis! Ndizi zako ni zangu."

Angelina alijifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la babu yake, Tarsis. Lakini uzazi ulikuwa mgumu, akawekwa wodini karibu wiki nzima, na Agnesi hakubanduka kitandani pake. Siku waliyoruhusiwa, walipoingia tu koridoni, Sabaha alipiga vigelegele vya kupasua dari. Mtoto hakufumbua hata jicho. Agnesi hakuyaona hayo, maana pua yake ilikuwa imeshika kitu kingine. Korido lilinukia. Lilinukia utamu.

"Njoo uone kazi," alisema Sabaha, akamvuta mpaka chumbani kwake. Akafunua sanduku jipya la bati, kubwa, akaondoa gunia. Ndani, ndizi zilikuwa za njano kama gauni la sikukuu.

"Umezifanya nini ndizi zangu?"

"Nimezivundika! Si zilikuja ngumu kama mawe? Nikamwambia Bakili, mzee, toa lile sanduku kubwa. Tukazifukiza moshi wa makumbi ya nazi, tukazifunika, nazigeuza kila siku kama mtoto mchanga. Mzazi ale kitu kigumu, na mimi nipo?"

Agnesi aliketi kizingitini. "Dada, kwetu hizi zinapikwa mbichi."

"Mbichi!" Sabaha alishangaa kwa dhati. "Mmekaa huko milimani na migomba yote ile, hamjajifunza kuzisubiri?"

Agnesi alitaka kukasirika, lakini hasira haikumzoea. Ilifika mlangoni ikageuza. Alisema tu, "Mama yake Angelina anakuja na treni ya Jumamosi." Kisha akamweleza lile neno la Theopista.

Sabaha akanyamaza, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulisikia. Halafu akajifunga kibwebwe. "Kosa langu, nitalipika."

Akakuna nazi, akatwanga iliki, akazipika zile ndizi kwa tui zito. Sukari haikuwepo dukani, wala haikuhitajika. Akapika na uji wa pilipili manga, akachemsha maji, akamkanda mzazi kama watu wa pwani wanavyokanda. Angelina, ambaye hospitali alikuwa akidonoa chakula kama kifaranga, alimaliza bakuli akakwangua sufuria. Kesho yake maziwa yakajaa mpaka kanga ikalowa.

Lakini hayo Theopista angeyajuaje? Agnesi akaomba jambo moja: "Dada yangu, Jumamosi nyumba itulie. Mkwe asije akasema mjukuu analelewa sokoni."

Sabaha aliapa, na kiapo akakitimiza. Jumamosi Bakili alifukuzwa na nyundo yake akagonge kwa rafiki. Redio ilizimwa. Kinu kililazwa chini, kikafunikwa kanga.

Theopista akaingia, mama mrefu, pua ikimtangulia. Alisalimu, akanawa, akaenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria.

"Mama Vitalis, mtori uko wapi?"

Kabla Agnesi hajapata jibu, mtoto akaanza kulia. Akanyonyeshwa, akalia. Akabadilishwa nepi, akalia. Akapitishwa mikononi mpaka kwa Vitalis, akazidi.

"Mnaona?" Theopista akasema. "Mtoto ana njaa, maziwa hayapo. Mtoto wa mzazi aliyekula mtori halii hivi. Angelina, funga vitu. Treni ya Jumatatu tunaondoka."

Agnesi akaona heri aseme kweli. "Mtori sijapika, mkwe. Ndizi nilizileta mwenyewe kutoka Kilema, nikiwa hospitali zikavundikwa, zikaiva. Jirani alitaka kutusaidia."

"Jirani gani mjinga huyo?"

Ng'ambo ya korido, sauti iliyofungwa tangu asubuhi ikakata kamba. "Ni mimi! Msimwonee mwenzangu, aliyevundika ni mimi Sabaha, na mwanao amekula akanenepa, mtazame mashavu!"

Mtoto akanyamaza. Kimya kabisa. Sabaha alipoishiwa pumzi, akaanza tena.

Angelina ndiye aliyeng'amua. "Mama, tangu tutoke wodini mtoto analala kwa kelele za huyu mama. Leo nyumba imetulia, anaogopa."

"Upuuzi," alisema Theopista. Lakini masikio yalimuuma. "Hebu mwambie aseme tena."

Sabaha hakusema; alisimamisha kinu. Tu! Tu! Tu! Tarsis akapiga miayo.

"Acha," aliamuru Theopista. Mchi ukaacha, kilio kikaanza. "Twanga." Kikakoma. Alijaribu hivyo mpaka Sabaha akauliza kama anatwangishwa kwa mkataba au kwa kujitolea, na Vitalis akakimbilia uani kucheka.

Theopista akaketi. Akaomba aonjeshwe hizo ndizi za nazi, ili ajue mwanawe analishwa nini. Hakutosheka na bakuli la kwanza, akasema bado hajajua vizuri.

Jumatatu alipanda treni peke yake. Agnesi alimsindikiza, mjukuu mgongoni, moyo mwepesi kama kapu tupu.

"Sikushindwa na ndizi zenu, Mama Vitalis," Theopista alisema kutoka dirishani. "Ila kwangu kumetulia mno, na umri wa kushika mchi kutwa nzima sina. Mlee. Nitatuma mkungu mwingine wa mtori." Treni ikatikisika, naye akachomoza kichwa nje zaidi, akapaza sauti ambayo hata Sabaha angeiheshimu. "Na yule jirani yako asiuguse!"