Hewa Zinazochelewa kwa Moto

Nina hasira za karibu. Nasema hili mapema ili mtu asinitafutie kisingizio. Nilikuwa nafundisha kemia sekondari hapa Kibiti, huku nasoma shahada ya pili kwa kwenda na kurudi Dar es Salaam, na mwaka huo huo nikataka kuoa. Binti alikuwa wa Dimani. Nilimpenda kiasi kwamba nilikuwa nasahihisha madaftari huku natabasamu, jambo lililowatia wanafunzi hofu.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchoma matofali. Nilimtuma baba yangu mdogo awe mshenga, akapokewa vizuri, ila alipoulizwa kijana anasoma nini huko chuo, badala ya kujibu "kemia" yakaisha, akajitia ujuaji: "Anasoma hewa ambazo ukizipasha moto zinachelewa." Mzee akamwangalia, kisha akasema: "Mimi naishi kwa moto. Sijaona kitu kinachocheleweshwa nao. Mwambie aje mwenyewe anieleze, maana simpi binti yangu mtu anayesomea uongo."

Kilichoniuma ni kwamba baba mdogo alikuwa sahihi. Darasani nilifundisha kama kila mwalimu: ongeza joto, mmenyuko utakwenda kasi, kwa sababu kila mmenyuko una kizingiti chake, na joto ndilo linalosaidia kukiruka. Lakini utafiti wangu ulihusu radikali huru, yaani chembe zenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Baadhi yake zikikutana hewani, kasi inashuka kadiri unavyopandisha joto, na ukikokotoa kizingiti unapata namba iliyo chini ya sifuri. Nilipoipata mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Nikarudia hesabu mara nne, mara ya tano nikaigombeza kompyuta. Namba ikabaki ile ile.

Basi Jumamosi moja nikapanda bodaboda hadi Dimani. Nilimkuta mzee anakandika tanuri lake kwa udongo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa kwanza. Mama anakuletea kahawa."

Kukaa nani? Niliokota kijiti nikaanza kuchora mistari kwenye majivu, huku nikieleza mbio mbio. Mzee akasikiliza, akauliza: "Kwa hiyo matofali yangu yatawahi kuiva nikiyamwagia maji?" Nikamwambia matofali si hewa. Akaniambia bila hewa tanuri haliwaki. Nikahisi masikio yanachemka, nikaaga, nikaondoka. Mkewe alitoka jikoni na sinia, akakuta kijiti.

Baada ya mwezi nikarudi na kompyuta mpakato, nimejaza michoro ya rangi. Nikachuchumaa mbele yake nikaifungua. Mzee akaikagua kwa makini, akasema, "Mchoro hata mimi naweza. Nikitaka nachora ng'ombe anapaa." Nikaifunga kompyuta kwa kishindo. Safari hii mama aliniwahi njiani, sinia mkononi, akaniomba ninywe hata funda moja. Nikapita. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Wiki zilizofuata chakula hakikupita. Nilijua nakaribia kumkosa yule binti, na wa kulaumiwa ni mdomo wangu mwenyewe. Yeye akanitumia ujumbe mfupi: "Njoo mara moja tu zaidi. Usije na michoro."

Mara ya tatu bodaboda ilipata pancha mbali na kwao, nikamalizia kwa miguu, jua la saa saba likinikaanga utosi. Nilifika sina sauti wala hasira. Waliponiambia kaa, nikakaa. Ikaja kahawa na mihogo ya kuchemsha. Nikanywa kikombe cha kwanza, nikaongezewa cha pili. Tukazungumza mpunga, tukazungumza nguruwe pori waliomaliza shamba la jirani. Nilikuwa karibu kusinzia pale mkekani, mzee aliposema, "Haya, zile hewa zako."

Nikamjibu polepole, maana nguvu nyingine sikuwa nayo. "Baba, hizo chembe ni kama waseja wawili. Zikikutana, haziungani pale pale. Kwanza zinashikana kidogo tu, kama wageni waliokaribishwa mkekani na hawajasema kilichowaleta. Hapo zinahitaji muda, zigeukiane, kila moja ikae upande unaofaa. Kukiwa na ubaridi zinatulia mpaka jambo linakamilika. Kukiwa na joto zinatetemeka, zinaachana kabla ya jambo lenyewe kufika. Kwa hiyo ukizidisha moto, nyingi zinakutana na chache zinaungana."

Mama akajifunika mdomo kwa upande wa khanga. "Huyu si anajisema mwenyewe?"

Nilitaka kubisha. Nikamalizia kahawa yangu.

Mzee akaweka kikombe chini. "Mara ya kwanza ulikaa hapa muda gani?"

"Sikukaa, baba."

"Na ya pili?"

"Nilichuchumaa."

Alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho kwa mkono wenye udongo. "Basi si uongo, nimeuona kwa macho yangu. Nilikuwa nakutania, mwalimu. Anayekuja kuposa lazima atiwe joto kidogo, tumwone. Lakini jibu la posa yako lilikuwa tayari tangu siku ile ya kijiti. Tulikuwa tunangoja unywe kahawa ndiyo tukwambie."

Nikaangalia kikombe changu kitupu. Miezi miwili mizima nilikuwa sili, nagombana na kompyuta, nawafokea wanafunzi wasio na kosa, na jibu lilikuwa limenipita mara mbili juu ya sinia, mikononi mwa mama mkwe wangu.